Fyeka! Panda! Ng'oa! Uwanja wa nyumba una mabwana wangapi?

Mpenzi msomaji, mazungumzo haya yalisikika redioni juma lililopita. Nayaleta hapa gazetini kama ilivyo desturi yetu, kwa ajili ya wale ambao umeme uliwakatikia katikati, na kwa wale waliosikia vizuri lakini wakaniomba niirudie ile habari ya karatasi mbili.

Habari yenyewe ni hii. Mama yangu mzazi anaishi katika mji mmoja mdogo wa Mkoa wa Singida, mji ambao sitautaja kwa sababu waliohusika bado tunasalimiana. Nyumba yake imezungukwa na ua wa minyaa alioupanda marehemu baba, ua mnene, mrefu kuliko mtu aliyesimama. Ndani ya ua ipo miarobaini mitatu, mpapai mmoja, na uwanja unaofagiwa kila alfajiri mpaka unang'aa kama sahani. Mwaka 2019, mwezi wa Mei, alikuja kijana kutoka ofisini, akapiga hodi kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

"Ahsante mama, sikai. Nimekuletea karatasi."

Karatasi ilisema kwamba ua wake ni kichaka kinachoficha mbu na nyoka, na kwamba aufyeke katika siku 14, la sivyo atatozwa faini ya Sh. 50,000. Mama akaipokea, akaiweka chini ya redio, mahali anapoweka kila karatasi anayotaka kunionyesha. Hazikupita wiki tatu akaja kijana mwingine. Ofisi ile ile, idara nyingine. Naye alikuja na shikamoo yake na karatasi yake. Hii ya pili ilisema kila kaya ipande miti isiyopungua mitano kuzunguka nyumba ili kuzuia upepo na vumbi, katika siku 30, na faini yake ni ile ile. Mama alimwuliza maswali mawili tu. La kwanza: "Baba, nifyeke kwanza ndipo nipande, au nipande kwanza ndipo nifyeke?" La pili: "Na mvua ya mwezi wa Juni nitaileta mimi?" Kijana akacheka, akasema atakwenda kuuliza.

Sikuleta habari hii ili kuwacheka vijana wale. Walitumwa. Lakini nilipoziweka karatasi zile mbili mezani pamoja niliona jambo ambalo pengine hata waliozipiga chapa hawakuliona. Karatasi zile hazikuwa na umri mmoja. Ya kwanza, ukiitafutia mizizi, ina umri wa karibu miaka 100. Ya pili ina umri wa kama miaka 40. Kila moja ilizaliwa katika zama zake, kwa hofu yake, na hakuna aliyewahi kuzikutanisha. Mahali pekee zilipokutana ni chini ya redio ya mama yangu.

Tuanze na fagio, maana fagio lilitangulia serikali zote. Watu wa mkoa huu, Wanyaturu, Wanyiramba na ndugu zao, waliishi katika matembe, zile nyumba za paa la udongo lililo bapa, na mbele ya tembe palikuwa na uwanja. Uwanja ulikuwa mahali pa kazi. Hapo ndipo mtama na uwele vilipopurwa na kuanikwa, hapo ndipo ng'ombe walipopita jioni, na hapo ndipo wazee walipokaa. Nyasi katika uwanja maana yake ni nafaka kupotea, na nge au nyoka kutoonekana mpaka amekwisha kuuma. Kwa hiyo uwanja mweupe ulikuwa sheria, ila sheria isiyo na karatasi. Faini yake ilikuwa maneno ya jirani. Na kuuzunguka uwanja ule palikuwa na miiba au minyaa. Minyaa ni mmea wa nchi kavu. Ukikata tawi ukalichomeka linaota, mbuzi haugusi, na utomvu wake ukiingia jichoni hutausahau. Ziwa Manyara, jirani zetu wa kaskazini, linasemekana kupata jina lake kutoka kwa Wamasai wanavyouita mmea huo, kwa kuwa walizungushia maboma yao.

Basi, fagio na ua vilikuwa ndugu. Ndani peupe, pembeni kijani. Wageni walipofika ndipo ndugu hawa walipotenganishwa.

Wajerumani walijenga maboma yao Kilimatinde na Mkalama, lakini mambo ya viwanja vya miji hasa yalikuja na Waingereza. Sheria ya Miji ya mwaka 1920 ilimpa gavana uwezo wa kutangaza mahali kuwa mji na kutunga kanuni za mji huo. Katika kanuni hizo ndipo alipotokea mtu ambaye wazee wetu walimwogopa kuliko hakimu, yaani bwana afya. Bwana afya alikuwa na uwezo wa kuingia uani kwako, kufunua mtungi wako, kutazama nyuma ya choo chako na kukuamuru ukate nyasi. Sababu yake ilikuwa mbu. Mwaka 1897 daktari wa Kiingereza Ronald Ross alikuwa amegundua huko India kwamba malaria huchukuliwa na mbu, na tangu hapo kila mji wa makoloni ukatangaza vita na kila kitu kilichodhaniwa kumficha mbu. Nyasi ndefu zikawa adui. Mahindi na mazao mengine marefu mjini yakawa adui. Makopo, magome ya migomba, mashimo ya miti, vyote adui.

Lakini tazama jinsi vita vile vilivyopiganwa. Miji iligawanywa sehemu tatu, kama kila mkazi wa mji wa zamani anavyojua: uzunguni, uhindini na uswahilini. Uzunguni viwanja vilikuwa vipana, vyenye ukoka uliokatwa na ua wa maua, na mtu wa kuumwagilia. Kijani kile hakikuitwa kichaka, kiliitwa bustani. Uswahilini viwanja vilibanana, na kijani chochote kilichozidi magoti kiliitwa uchafu. Mpaka leo wengi wetu tunalo jicho lile la bwana afya ndani ya vichwa vyetu. Tukiona ua wa maua nyuma ya geti la chuma tunasema pamependeza, na tukiona ua wa minyaa wa bibi kizee tunasema pori.

Je, bwana afya alikosea? Mwenye haki apewe haki yake. Nyoka kweli hupenda nyasi. Kuhusu mbu jambo ni gumu zaidi. Yule mbu hasa wa malaria wa nchi zetu hapendi kutaga kichakani. Hutaga katika vidimbwi vidogo vya maji vinavyopigwa na jua, hata unyayo wa ng'ombe uliojaa maji ya mvua unamtosha. Ukifyeka kila kivuli, vidimbwi vile unaviachia jua. Kwa upande mwingine, watafiti waliofanya kazi Ethiopia walionyesha mwaka 2000 kwamba ule unga wa njano wa maua ya mahindi, ukidondoka katika madimbwi, huwanenepesha viluwiluwi wa mbu wa malaria. Kwa hiyo katika jambo la mahindi bwana afya alikaribia ukweli, ingawa mwenyewe hakujua njia aliyopitia.

Mbu hakuwa peke yake. Katika nchi hii ya kati alikuwapo mdudu mwingine aliyewafanya wakubwa kuuchukia mti wenyewe, si nyasi tu. Huyo ni mbung'o, mwenye kuleta malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Mtu aliyepewa kazi ya kupambana naye aliitwa Charles Swynnerton. Alikuwa kwanza mkuu wa idara ya wanyamapori Tanganyika, na mwaka 1929 akawa mkurugenzi wa utafiti wa mbung'o, makao yake Shinyanga. Dawa yake kubwa ilikuwa kufyeka na kuchoma moto kwa mpango. Maelfu ya watu chini ya watemi wao walitolewa kwenda kukata msitu ili mbung'o akose kivuli cha kukaa. Pamoja naye alifanya kazi mtaalamu wa mimea, Bernard Burtt, ambaye kwa kweli aliipenda miti. Huyo ndiye aliyezichunguza na kuzieleza nyika zetu hizi, pamoja na vile vichaka vya Itigi wilayani Manyoni ambavyo wataalamu wanavihesabu kuwa uoto wa peke yake duniani. Mwezi Juni mwaka 1938 watu hawa wawili walipanda ndege moja, na ndege hiyo ikaanguka karibu na Singida. Mfyekaji na mjuzi wa miti wakafa siku moja, katika ardhi yetu. Kitabu cha Burtt cha kuitambua miti ya nyika za Tanganyika kilitoka yeye akiwa kaburini.

Kila nikipita njia ile huwakumbuka wawili hao. Walikuwa marafiki wa kazi moja, lakini ukiitazama serikali yetu tangu siku zile ni kama wao wawili bado wanagombea usukani.

Uhuru ulipokuja fagio halikupumzika. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ambayo sisi watu wa redio hatuchoki kuitaja, Mtu ni Afya. Mimi nilikuwa sijazaliwa, lakini mama alikuwa msichana katika kundi mojawapo. Watu wapatao milioni 2 nchi nzima walikusanyika katika vikundi, redio moja katikati, kitabu kimoja mkononi mwa kiongozi. Walisikiliza, wakajadili, kisha wakainuka kwenda kutenda. Walichimba vyoo, wakafukia madimbwi, wakafyeka majani kuzunguka nyumba. Mama anakumbuka kwamba kundi lao lilifyeka mpaka vichaka vya kaka wa balozi ambaye hakuwa nyumbani. Hakuna aliyetozwa faini. Ilikuwa kazi ya watu walioelezwa sababu na kupewa nafasi ya kuuliza.

Lakini mwaka ule ule, mwezi Novemba, amri nyingine ilitoka: watu wote wa mashambani wawe wamehamia vijijini ifikapo mwisho wa 1976. Singida tulihamishwa kama wengine. Nyumba zikapangwa kwa mistari iliyonyooka, na mistari ile ilipigwa mahali peupe, maana ni rahisi kupima peupe. Minyaa na mikwaju ya mababu ilibaki kule nyuma kwenye mahame. Ukisafiri leo ukaona duara la minyaa katikati ya mbuga, bila nyumba wala mtu, ujue palikuwa na mji wa mtu. Ua umeishi kuliko mwenyewe.

Kisha likaja jambo linalonichekesha na kunisikitisha pamoja. Ukame wa 1973 na 1974 ulipoleta njaa, serikali ilitangaza Kilimo cha Kufa na Kupona. Watumishi, wanafunzi, wenye maduka, wote waliambiwa walime, hata mjini, hata kando ya ofisi. Yale mahindi yaliyokuwa haramu tangu enzi za gavana yakawa uzalendo. Asiyekuwa na mahindi uani ndiye aliyetazamwa vibaya. Je, kuna aliyezifuta kanuni za zamani za mazao marefu? Zilikaa kimya tu, kama nyoka wakati wa baridi.

Ziliamka baadaye. Halmashauri za miji zilikuwa zimevunjwa tangu madaraka yalipohamishiwa mikoani mwaka 1972. Miji ikajaa taka, na kipindupindu kikalipuka nchini mwaka 1977. Mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa, na Sheria Na. 7 na Na. 8 za mwaka 1982 zikazipa halmashauri za wilaya na za miji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Mwaka 1992 zikatoka kanuni za kilimo mijini zilizoweka kikomo cha ekari 3 kwa mtu, na ng'ombe wasiozidi 4 wa kufugwa ndani. Nakumbuka nikiwa mtoto wa shule ya msingi nilivyoona mgambo wakikata mahindi ya jirani yetu yakiwa yamekwisha toa mbelewele. Baba yule alisimama mikono nyuma. Alikuwa mtumishi wa serikali, na miaka 18 hivi kabla ya hapo alikuwa amesifiwa mkutanoni kwa mahindi katika kiwanja hicho hicho.

Wakati huo huo karatasi ya pili ya mama ilikuwa imekwisha kuzaliwa. Mwaka 1980 redio ilirudi tena na kampeni ya Misitu ni Mali. Safari hii wananchi waliambiwa wapande. Nchi ilikuwa imeanza kuona mmomonyoko. Majirani zetu wa Kondoa walikwisha kuonja ukali wake, kwani mradi wa kuhifadhi ardhi ulioanza mwaka 1973 uliishia kuwaondoa ng'ombe wote katika eneo lililoharibika mwaka 1979. Tangu hapo wimbo umekuwa miti. Mkakati wa serikali wa mwaka 2006 ulizitaka wilaya kupanda miti 1,500,000 kila moja kwa mwaka. Sheria ya Misitu ya 2002 inailinda miti fulani, kama mninga na mpingo, hata nje ya hifadhi. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inaipa mamlaka ya mji uwezo wa kuamuru mti au kundi la miti lihifadhiwe.

Mimi siipingi miti. Nani wa Singida atakayeipinga? Sisi ni watu wa upepo. Upepo wetu ni mkali kiasi kwamba wataalamu wamekuja kuupima ili kufua umeme. Mwezi wa Agosti mabati yanaimba usiku kucha na vumbi linaingia mpaka ndani ya chandarua. Mti ni ukuta. Lakini mvua yetu ni kama milimita 500 hadi 800 kwa mwaka, na yote inashuka kati ya Novemba au Desemba na Aprili. Mche uliopandwa Juni ni mche uliozikwa. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti iliwekwa Aprili mosi, na mikoa ikaachiwa kufuata mvua zake, jambo jema, kwa maana Aprili mosi hapa kwetu mawingu yanafunga virago. Kijana wa karatasi ya pili hakuambiwa hayo. Aliambiwa siku 30.

Na hapa nataka kuwapeleka Mgori, upande wa kaskazini-mashariki wa Singida. Najua Mgori ni msitu na tulikuwa tunazungumza viwanja, lakini vumilieni. Ni msitu wa zaidi ya hekta 40,000. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilitaka kuufanya hifadhi yake. Vijiji vitano vinavyouzunguka havikupenda. Baada ya majadiliano marefu, mwaka 1995, wakakubaliana tofauti: kila kijiji kikachukua sehemu yake kuitunza, kikaweka walinzi wake na kutunga sheria ndogo zake katika mkutano mkuu wa kijiji, zikapitishwa na halmashauri ya wilaya. Walioweka faini ndio waliojua nani anakata nini na kwa sababu gani. Walijua mwanamke anayeokota kuni kavu si mwizi, na walijua mwenye shoka la usiku ni nani. Wageni walitoka mbali kuja kujifunza kwao.

Nimeuliza mara nyingi kwa nini lililowezekana katika hekta 40,000 za nyika lishindikane katika kiwanja cha mita 20 kwa 30 mjini. Sheria ndogo ya mji nayo haitungwi gizani. Kabla baraza la madiwani halijaipitisha na waziri hajaitia saini, rasimu yake hutakiwa kutangazwa ili wakazi watoe maoni au pingamizi. Tangazo hilo hubandikwa ubaoni. Wewe msomaji, mara ya mwisho kusimama mbele ya ubao wa ofisi ya kata ukasoma lilikuwa lini? Nami najiuliza hilo hilo, tena mimi ninayelipwa kwa kusoma.

Basi tumalizie habari ya mama. Hakulipa faini wala hakufyeka. Ulipoitishwa mkutano wa mtaa alikwenda na karatasi zote mbili zimekunjwa katika ncha ya kanga. Zamu ya maswali ilipofika alisimama, akampa mwenyekiti aisome ya kwanza kwa sauti, kisha aisome ya pili. Watu walianza kucheka kabla hajafika katikati. Ikaonekana kwamba nyumba nyingine 11 katika mtaa ule zilikuwa na karatasi zile mbili, kila mwenye nyumba akidhani ni yeye peke yake. Mwenyekiti, mtu mwenye busara, aliwaita vijana wote wawili wasimame pamoja mbele ya watu, wakakubaliana hapo hapo, na karani akaandika: minyaa ipunguzwe ifike kifuani, si kung'olewa, mti uliopo uhesabiwe kuwa umepandwa, na miche inayopungua ipandwe mvua zikianza.

Mama alikuwa na miarobaini mitatu, kwa hiyo alidaiwa miwili. Mpapai walikataa kuuhesabu, na juu ya hilo bado ana kinyongo. Alioteka mbegu za mkwaju katika makopo mawili ya maziwa, akayaweka kivulini chini ya ule ule ua ulioitwa kichaka, akiyamwagilia maji ya kunawia. Mwezi Desemba mvua ziliponyesha akaipanda. Mmoja umenizidi magoti sasa. Wa pili uliliwa na mbuzi wa jirani. Kuhusu mbuzi wa jirani ipo sheria ndogo nyingine kabisa, na hiyo tutaizungumza juma lijalo, saa ile ile.